Pafu la mdogo wangu limesinyaa mara ya pili, na kila mtu ana lake la kusema

Assalaam aleikum daktari,

Nakuandikia kutoka Likoni. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, mrefu mwembamba hata wenzake baharini humwita Mlingoti. Kazi yake ni mashua za watalii upande wa Nyali, huwapeleka wageni kutazama samaki na matumbawe, na akilazimika huzamia mwenyewe kufungua nanga ikikwama.

Mwaka jana, katika Ramadhani, alikuwa ameketi barazani baada ya futari na kikombe chake cha kahawa. Ghafla akashika kifua upande wa kulia, akasema ni kama amechomwa kisu. Hakuwa ameinua kitu wala hakuanguka. Sisi tukadhani ni gesi. Nyanya akasema ni kichomi, akamsugua mafuta ya habasoda. Kesho yake mama akamwita mtu wa hijama, akamtia vikombe mgongoni na kifuani. Maumivu yakapungua, akasema amepona, akarudi kazini. Wiki hivi ikapita. Siku moja tukaenda kwa shangazi, anakaa ghorofa ya pili, nikamwona kijana mzima anasimama katikati ya ngazi anahema. Nilimshika mkono tukaenda hospitali siku hiyohiyo. Picha ikaonyesha pafu la kulia limesinyaa zaidi ya nusu. Akatiwa mpira ubavuni, ukaunganishwa na chupa ya maji chini ya kitanda, akalazwa mpaka pafu likajaa.

Mwezi uliopita mambo yakarudi, upande uleule. Safari hii hatukungoja. Tukaenda hospitali nyingine, tukampata daktari kijana. Akampima, akampiga picha, akamweka pale masaa, akampiga picha tena, akamwambia atembee kwenye korido huku akimtazama. Kisha akampa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi, akatuambia twende nyumbani. Mpira hakumtia! Mama alilia njia nzima kwenye feri, asema mwanawe amedharauliwa kwa kuwa hatuna pesa. Baba mdogo yuko tayari kwenda kugombana.

Tumerudi kwa tarehe, na picha yaonyesha pafu linajaa polepole, bado hewa kidogo kwa juu. Lakini sasa wamesema aonane na daktari wa upasuaji wa kifua, atengenezwe kwa kamera ili lisirudi tena. Mama hataki kusikia. Majirani wasema ni TB tunaficha. Nyanya naye ana lake: asema ukoo wetu una jicho, kwani mjomba wetu, mrefu vilevile, alianguka uwanjani akicheza mpira, kijana wa miaka thelathini hivi, akafa palepale bila kuugua.

Na kuna jambo la haraka. Amepata kazi Doha, ya kuokoa waogeleaji katika bwawa la hoteli na ufuoni, na tiketi ni ya mwezi ujao. Kabla ya hapo tajiri mmoja wa mashua ameahidi kumfundisha kuzamia kwa mtungi wa hewa, ili awe na cheti.

Jambo la mwisho mama halijui. Yuwavuta sigara akiwa maskani na wenzake, hasa wakitafuna muguka, na bangi pia mara mojamoja.

Tafadhali nisaidie daktari. Ni nani aliyekosea kati ya madaktari hawa? Upasuaji ni lazima? Na ataweza kusafiri?

Dada mtu, Likoni

*

Waalaikum salaam, binti yangu.

Kwanza mzuie baba mdogo. Daktari aliyetia mpira mwaka jana na huyu aliyekataa kuutia mwezi uliopita, kwa jinsi ulivyoeleza, wote wamefanya kazi yao sawasawa. Sijamwona mgonjwa wala picha zake, kwa hivyo lolote nitakalosema lipelekeni kwa wanaomtibu. Ila hili la mpira nitalieleza kirefu, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hupoteza imani na hospitali.

Pafu halikufungwa kifuani kwa kitu chochote. Limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando wake, na baina ya tando hizo kuna unyevu kidogo tu, bila hewa. Umewahi kuingia baharini na leso? Ikilowa hukugandama mwilini, ukienda nayo inakwenda. Hewa ikipenya chini yake, inainuka yenyewe. Pafu nalo kwa maumbile yake hutaka kujikunja wakati wote, na linalolizuia ni kule kugandamana. Sasa, vijana wengine wana malengelenge madogo ya hewa juu kabisa ya pafu, karibu na mtulinga. Lengelenge likipasuka, hewa huvuja kutoka pafuni na kuingia baina ya tando, na pafu linaachia ukuta.

Wanaopatwa zaidi ni wanaume vijana, warefu, wembamba, tangu wakati wa balehe hadi miaka ya thelathini. Na mara nyingi huwapata wakiwa wametulia kabisa, kama huyu na kahawa yake. Kwa hivyo asijilaumu kwa kuvuta nanga, wala mama asijilaumu kwa vikombe vya hijama. Maumivu yalianza siku moja kabla ya vikombe. Kikombe huvuta ngozi, hakifiki pafuni. Kosa lilikuwa kwingine: maumivu ya ugonjwa huu hupungua ndani ya siku moja au mbili hata kama pafu bado limekunjika, na aliyekuwa karibu wakati huo ndiye hupewa sifa ya kuponya. Kwenu sifa hiyo walipewa habasoda na hijama, na kijana akarudi baharini na pafu moja. Wewe uliyemtazama kwenye ngazi ndiye uliyemtibu.

Tuje kwenye mpira. Kwa miaka mingi sisi madaktari tulitazama picha. Hewa ikionekana nyingi, tunatia mpira au tunaifyonza kwa sindano. Ikiwa kidogo, tunangoja. Mgonjwa mwenyewe tulimtazama baadaye. Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Australia na New Zealand kwa watu 316 wa umri wa miaka 14 hadi 50, ambao pafu lao lilisinyaa kwa mara ya kwanza, tena si kidogo, kwa kiwango cha kati au kikubwa. Nusu yao walitiwa mpira. Nusu ya pili walitazamwa tu. Katika hao waliotazamwa, 85 katika kila 100 hawakuhitaji mpira hata mwisho. Baada ya wiki 8 karibu wote, wa pande zote mbili, mapafu yao yalikuwa yamejaa tena. Na ndani ya mwaka mmoja, waliotazamwa tu ndio walioona ugonjwa ukirudi mara chache zaidi kuliko waliotiwa mpira.

Soma sasa masharti ya utafiti ule, halafu ukumbuke yale uliyoniandikia. Mgonjwa akae hospitali kwa saa 4 au zaidi. Apigwe picha ya pili. Akiweza kutembea bila taabu na bila kuhitaji oksijeni, apewe dawa za maumivu aende nyumbani na tarehe ya kurudi. Yale masaa ya kungoja na ile korido vilikuwa ni kipimo, na ndugu yako alikifaulu. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Uingereza uliotolewa 2023 nao umeacha kuupa ukubwa wa hewa kwenye picha uzito wote. Unauliza kwanza mgonjwa ana hali gani na mwenyewe anataka nini. Mwambie mama kwamba kumtia kijana mpira ndiko kungekuwa kwepesi zaidi. Ni dakika chache na kila mtu nyumbani angeridhika. Kumwacha na kumfuatilia kunataka daktari anayejiamini.

Mwaka jana hali ilikuwa nyingine. Zaidi ya nusu ya pafu limekwenda, na kijana hawezi kumaliza ngazi. Anayehema namna hiyo hatazamwi, anasaidiwa. Mpira huingizwa ubavuni chini ya kwapa, na ncha yake ya pili huzamishwa ndani ya maji ya chupa, kama sentimita 2 hivi. Hewa inatoka kwa mapovu, na maji yanaizuia isirudi. Ndiyo maana chupa hukaa chini kuliko kifua, na mgonjwa akitembea huibeba chini, haiinui. Pia mpira unaotoa mapovu haubanwi, hata kwa muda mfupi wa kwenda msalani. Nayasema haya kwa sababu upasuaji ukifanyika ataamka na mpira mwingine, na jamaa wanaokuja kumtazama hupenda sana kusogeza chupa ili waketi. Tena pafu lililokaa limesinyaa siku nyingi, kama lake, halifai kujazwa kwa haraka kwa mashine ya kuvuta tangu mwanzo, kwani linaweza kujaa maji likamletea kikohozi na kukosa pumzi upya. Ikiwa mliona linachukua siku kadhaa mkadhani amesahaulika, sababu inaweza kuwa hiyo.

Hewa iliyobaki sasa hivi mwili wenyewe utaimeza. Kasi yake ni ndogo, kati ya asilimia 1 na 2 hivi ya upande ule wa kifua kwa siku, kwa hivyo hata hewa ya robo huchukua wiki kadhaa. Katika wiki hizo anaweza kutembea, kula, kuswali, kukaa na watu, na kazi ya kuketi haimdhuru. Asibebe mizigo mizito, asiende baharini. Na ningekuwa mimi baba yake, ningemhamisha kwa muda akae na jamaa upande wa kisiwani, Majengo au Kibokoni, popote ambapo pana tuktuk usiku na hospitali haipo ng'ambo ya maji. Foleni ya feri saa nane za usiku si mahali pa kungojea pumzi.

Maana ipo hali moja ambayo haingoji. Hewa ikiendelea kuingia na haina pa kutokea, husukuma pafu, kisha husukuma moyo. Dalili zake: anahema akiwa ameketi, hawezi kumaliza sentensi moja, moyo unakwenda mbio, midomo inageuka rangi, anataka kuzirai. Hapo ni hospitali yoyote yenye daktari iliyo karibu zaidi, na si lazima iwe ile yenye faili lake. Daktari akiona dalili hizo anaweza kutoboa kifua kwa sindano kabla hata ya picha, na sindano hiyo huokoa maisha, kwa hivyo msimshike mkono. Mkiulizwa pesa kwanza, Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ikumbukeni mkiwa mlangoni.

Majirani na TB yao nitawajibu kwa heshima, kwani hata madaktari wakubwa wa zamani walifikiri kama wao. Hadi miaka ya 1930, kijana aliyesinyaa pafu alihesabiwa kuwa na TB mpaka ithibitishwe vingine; ni daktari wa Denmark, Kjærgaard, aliyeonyesha mwaka 1932 kwamba huwapata watu wazima wa afya wasio na TB kabisa. Isitoshe, wakati ule wapo madaktari waliosinyaza pafu la mgonjwa wa TB kwa makusudi, kwa kuingiza hewa kwa sindano, wakitumaini kidonda kitapumzika na kufunga. Kwa hiyo mawazo ya majirani yana ukoo mrefu. Lakini hapa kwetu TB bado ipo, na kweli inaweza kutoboa pafu, na haipimwi kwa maneno ya barazani. Ikiwa hajapimwa makohozi kwa GeneXpert, mashine ya kutambua TB, apimwe, na virusi vya ukimwi pamoja. Katika hospitali za serikali kipimo cha TB na dawa zake ni bure. Matokeo yakija mtakuwa na karatasi ya kujibu.

Upasuaji sasa. Baada ya pafu kusinyaa mara ya kwanza, takriban mtu mmoja katika kila watatu hurudiwa, na wengi wao ni ndani ya mwaka wa kwanza. Akisharudiwa, uwezekano wa mara ya tatu unapanda zaidi. Ndiyo sababu mara ya pili upande uleule ndipo daktari hutaja kisu. Hakumaanisha kwamba kijana yuko katika hatari leo, na ukweli ni kwamba akikataa hakuna atakayemfukuza. Ni uamuzi wake yeye mwenyewe mwenye miaka 22, mama atoe ushauri tu.

Kinachofanywa ni hiki. Analazwa usingizi, anatobolewa matundu madogo ubavuni, kamera inaingia kwa moja, vyombo kwa mengine. Malengelenge yanakatwa na kufungwa. Kisha, na hili ndilo la maana kuliko kukata, utando wa ukuta wa kifua unakwaruzwa au kuondolewa kwa juu, au unapakwa unga wa talki, ili pafu lishikane nao kwa kovu. Siku nyingine hewa ikivuja haitapata nafasi ya kuenea. Baada ya hapo wanaorudiwa hubaki wachache, chini ya 5 au zaidi kidogo ya hapo katika kila 100. Kufungua kifua kwa mkato mrefu wa zamani hupunguza kurudi zaidi kidogo, ila maumivu yake ni makubwa na kukaa wodini ni kwingi. Hata kwa kamera maumivu yapo, na wengine hubaki na ganzi ubavuni kwa miezi. Hilo waulizeni kabla, msije mkashtuka baadaye.

Kwa kijana wa kazi ya ofisini ningesema afikirie bila haraka. Kwa huyu, ambaye riziki yake iko majini na ametumiwa tiketi, mimi naegemea upasuaji. Anzeni na rufaa ya daktari wa kifua kule Makadara, hospitali kuu ya Pwani. Wakiwatuma Nairobi, nendeni kwa treni au basi, na hata hivyo muulizeni daktari kwanza kama hewa imekwisha, kwa sababu Nairobi ipo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi na hewa iliyonaswa kifuani hutanuka kwa karibu robo mtu akipanda huko. Mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, uwe umelipwa kabla ya siku ya kulazwa, na dawati lao liwaandikie wanalipa nini na nyinyi mnalipa nini.

Ndege ya mwezi ujao haiwezekani ikiwa picha bado inaonyesha hewa. Ndani ya ndege hewa ni kama ya mlima wa mita 2,400 hivi, kwa hivyo mfuko wa hewa uliobaki kifuani hutanuka kwa theluthi moja, mahali ambapo hakuna wa kumtia mpira. Kanuni inayotumika sana ni hii: picha ionyeshe pafu limejaa kabisa, kisha ingojwe angalau siku 7 nyingine. Akifanyiwa upasuaji, daktari wake ndiye atakayetaja tarehe. Na asidhani atapita kimya, kwa kuwa vipimo vya wanaokwenda kazi za Ghuba huwa na picha ya kifua. Bora apige simu sasa aombe kusogezewa tarehe, na barua ya daktari mkononi, kuliko kuzuiwa siku ya mwisho.

Kuzamia kwa mtungi mwambie asahau. Natumia neno hilo kwa kukusudia. Ukishuka mita 10 tu mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu. Mtu akivuta hewa ya mtungi huko chini kisha akapanda, hewa iliyonaswa katika lengelenge hutanuka mara mbili, na pafu likipasuka njiani hakuna atakayemfikia kwa wakati. Aliyewahi kusinyaa pafu bila sababu hukatazwa kuzamia kwa mtungi maisha yake yote, isipokuwa wachache waliofanyiwa upasuaji wa pande zote mbili, wakapimwa upya, na daktari anayejua mambo ya wazamiaji akatia sahihi. Tajiri wa mashua ana nia njema, lakini cheti hicho asikichukue. Kuogelea juujuu kwa miwani na mrija, pafu likishapona, hakuna ubaya. Kuzamia kwa pumzi kufungua nanga, hapana, aachie mwingine.

Hii maana yake kazi ya Doha nayo ina walakini. Mwokoaji anaweza kuambiwa azamie kumtoa mtu chini ya bwawa, na lengelenge la pili linaweza kuchagua dakika hiyo. Awaeleze ukweli waajiri, awaulize kama ipo nafasi nyingine hotelini. Au abaki juu ya maji badala ya chini yake: mtu anayejua mkondo wa Nyali kama yeye anaweza kusomea unahodha, na Bandari Maritime Academy wako hapahapa Mombasa wanafunza ubaharia. Najua mshahara wa Doha haulingani. Hilo siwezi kulibadilisha.

Sigara ni wewe utakayezungumza naye, tena pembeni, bila mama. Utafiti wa Stockholm uliochapishwa 1987 ulikuta wanaume wanaovuta sigara wana hatari mara 22 zaidi ya kusinyaa pafu kuliko wasiovuta. Katika mambo yote yaliyomo kwenye barua yako, urefu, wembamba, umri, bahari, hili ndilo pekee aliloshika yeye mkononi. Akiacha, uwezekano wa kurudiwa unapungua sana. Bangi ni mbaya vilevile, pengine zaidi, kwa jinsi moshi unavyovutwa kwa nguvu na kuzuiliwa ndani, na shisha, pamoja na kupigwa marufuku mwaka 2017, naijua bado iko. Muguka wenyewe hauna kesi hapa, lakini kama umeniambia sigara huja na muguka, basi maskani hiyo ndiyo ya kuhama. Akishindwa kuacha peke yake, daktari wa upasuaji aambiwe. Hatamtukana. Anahitaji kujua kwa ajili ya dawa ya usingizi na ya kupona kwa kovu.

Kwa wasomaji wengine, neno moja: msichana akipatwa na maumivu haya ya kifua na kukosa pumzi karibu na siku zake za mwezi, ataje siku hizo kwa daktari, kwani kuna aina inayofuatana nazo na matibabu yake ni tofauti.

Nimeliacha la mjomba mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niisome barua yako tena. Nyanya ameona jambo la kweli, ijapokuwa mimi silipi jina la jicho. Kijana mrefu aliyeanguka uwanjani akafa palepale, na mpwa wake mrefu ambaye pafu linasinyaa mara mbili: huweza kuwa sadfa, na mara nyingi huwa sadfa. Lakini upo udhaifu wa kurithi wa nyuzi za mwili, unaitwa Marfan, unaowafanya watu kuwa warefu sana, mikono mirefu, vidole vyembamba, na ambao hulegeza mapafu, macho, na mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mshipa huo ukipasuka, mtu hufa ghafla, tena akiwa na nguvu zake.

Leo jioni mpime mdogo wako kwa futi ya fundi cherehani. Anyooshe mikono kando, upime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha upime urefu wake. Mikono ikizidi urefu kwa kiasi kikubwa, andika. Muulize kama haoni vizuri mbali. Muulize nyanya, kwa upole, mjomba alikuwa na umbo gani na kama kuna jamaa mwingine aliyekufa kijana namna ile. Yote hayo mpelekeeni daktari wa kifua kabla hajapanga tarehe ya upasuaji, na muombeni moyo upimwe kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho hakiumi na hakina mionzi. Majibu yakitoka na kitu, basi nawe pia utapimwa, na watoto wa mjomba kama alikuwa nao. Picha zote za kifua, za mwaka jana na za mwaka huu, ziwekeni katika bahasha moja mwende nazo.